Mtegemezi: Historia ya Neno na ya Hati, kutoka Kivuko cha Busisi

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema, katika Mkoa wa Mwanza. Jiwe la msingi la daraja hilo liliwekwa na Rais John Pombe Magufuli tarehe 7 Desemba 2019. Ujenzi ulifanywa na kampuni mbili za Kichina, China Civil Engineering Construction Corporation na China Railway 15th Bureau Group. Mengi yamesemwa juu ya zege na nguzo zake, juu ya urefu wake wa kilometa 3, juu ya gharama iliyozidi shilingi bilioni 700, na juu ya kivuko kilichowaweka abiria na wagonjwa foleni kwa miaka mingi. Jambo moja halikusemwa sana. Mhandisi aliyetoka China akafanya kazi Busisi kwa miaka mitano alikuwa na haki gani ya kuishi hapo na mkewe? Na mwanamke wa Sengerema akipata kazi Muscat au Leeds, ana haki gani ya kwenda na mumewe na watoto wake?

Majibu ya maswali hayo yamo katika karatasi. Nchini Tanzania mfanyakazi mgeni huhitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi cha daraja B. Mke, mume au mtoto wake huhitaji hati ya mtegemezi. Viza humfikisha mtu mlangoni tu. Hati ndiyo inayomkalisha. Mhadhara huu unaihusu hati hiyo na neno lililoandikwa juu yake. Hoja inayojengwa ni kwamba utegemezi wa mwanafamilia wa mfanyakazi mgeni, kwa sehemu kubwa, haukukutwa na sheria bali uliumbwa na sheria, na kwamba historia ya Kiswahili chenyewe inatoa ushahidi wa jambo hilo kwa uwazi kuliko kumbukumbu za ofisi.

Neno na nasaba yake

Msamiati wa ruhusa katika Kiswahili ni wa tabaka nyingi. Ruhusa, hati na kibali vina asili ya Kiarabu. Pasi, pasipoti na viza vimeingia kwa njia ya Kiingereza. Kipande ni cha Kibantu. Kila tabaka lilikuja na mamlaka yake. Kibali ni mfano mzuri. Neno hili ni ndugu wa kubali na kabuli, na maana yake ya awali ni hali ya kupendeza au kukubalika mbele ya mtu. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaifahamu maana hiyo, kwani humo mtu hupata kibali machoni pa mfalme au pa Mungu. Katika lugha ya ofisi kibali kimekuwa karatasi yenye namba, tarehe na ada. Hata hivyo, mtu aliyekaa benchi akisubiri faili lake huenda akaona kwamba maana ya zamani haijafa kabisa.

Hongo ina historia ya kusisimua zaidi. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru halali wa njia, uliotolewa na misafara kwa watemi na machifu ili ipite katika nchi zao. Burton na Stanley waliilalamikia mara kwa mara, na masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 yanaitaja kama sehemu ya kawaida ya mwendo. Dola ya kikoloni ilipojitwalia peke yake haki ya kutoza na ya kuruhusu, malipo yaleyale yakawa haramu, na neno likahamia katika maana ya rushwa ambayo linayo leo. Ni nadra kuona mapinduzi ya kisiasa yakijiandika waziwazi namna hiyo katika neno moja.

Sasa mtegemezi. Kwa mofolojia, nomino hii inafuata njia inayojulikana: tetea hutoa mtetezi, pokea hutoa mpokezi, lea hutoa mlezi, na tegemea hutoa mtegemezi, yaani anayemwegemea mwingine. Lakini kuna kitenzi cha pili, tegemeza, chenye maana ya kushikilia kitu kisianguke. Nacho, kwa kanuni iliyotoa kiongozi kutokana na ongoza, kingeweza kuzaa umbo hilohilo. Kwa hiyo umbo mtegemezi, likitazamwa peke yake, linaweza kumtaja anayeegemea na vilevile anayeegemewa. Matumizi yamechagua maana ya kwanza, na jamaa yake tegemeo likabaki upande wa pili, kama inavyosemwa kwamba fulani ni tegemeo la nyumba yao. Utata huu wa kimofolojia haungekuwa na uzito wowote endapo maisha yenyewe yasingekuwa na utata uleule. Mke aliyebaki Sengerema akilima pamba na kusomesha watoto wakati mumewe yuko mbali hajioni kuwa anaegemea tu.

Kabla ya fomu kufika, Kiswahili kilikuwa na maneno mengine kwa watu hao: ahali, jamaa, watu wa nyumbani, kaya. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema nani anamlisha nani.

Safari za kaya nzima

Ghuba ya Mwanza inaingia nchi kavu kuelekea kusini kati ya Misungwi na Sengerema. Upande wa magharibi ni nchi ya Wazinza, upande wa mashariki ni Usukuma. Kuvuka ghuba hii, au kuizunguka kwa miguu upande wa kusini, ni sehemu ya historia ndefu ya watu kwenda kufanya kazi mbali na kwao.

Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba pembe na nguo kati ya bara na pwani walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye mikataba, viwango vya posho na desturi za kazi zilizoheshimiwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, ameonyesha kwamba wanawake na watoto walikuwa sehemu ya kawaida ya misafara. Mke wa mpagazi alibeba vyombo na chakula, alipika, alisaidia kupiga kambi, na wapo wanawake waliobeba mizigo kwa ujira wao wenyewe. Mtemi aliyedai hongo aliudai msafara mzima. Hakumuuliza mpagazi kama mwanamke aliyefuatana naye ni mkewe kwa ndoa gani, wala kama ujira wake unatosha watu wawili.

Kisa kimoja kilichopita kusini mwa ghuba hiyo kinastahili kukumbukwa. Mwishoni mwa Agosti 1889 msafara wa Stanley uliokuwa ukimtoa Emin Pasha katika Ikweta ya Sudani ulifika Usambiro, kwenye kituo cha mmisionari Alexander Mackay. Pamoja na wapagazi wa Unguja walikuwamo maofisa, askari na makarani wa Kimisri na Kisudani, watumishi wa serikali waliokuwa wamepelekwa mbali na kwao miaka mingi kabla. Walikuja na wake zao, watoto wao na watumwa wao. Stanley aliwaona kuwa mzigo, na aliandika hivyo bila kuficha. Wengi wao walikufa au waliachwa njiani kabla msafara haujafika Bagamoyo Desemba mwaka huohuo. Lakini swali la kama walistahili kusafiri pamoja halikuwa na ofisi ya kulijibu. Aliyetaka kuwazuia angepaswa kuwazuia kwa nguvu.

Ajabu ni kwamba wakati huo waliokatazwa kuja na ahali wao kwa kanuni ya maandishi walikuwa Wazungu. Mapadre wa White Fathers waliofika Bukumbi, karibu na Kigongo, mwaka 1883 walikuwa na nadhiri ya useja. Jumuiya ya Church Missionary Society nayo, ambayo watumishi wake waliruhusiwa kuoa, haikupeleka wanawake Uganda hadi mwaka 1895. Mackay alikufa Usambiro Februari 1890 bila kuoa.

Kipande kisicho na mahali pa mke

Mabadiliko yalikuja na mkataba wa kazi ulioandikwa na kusimamiwa na dola. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, iliwaleta takriban wafanyakazi 32,000 kutoka India kwa mikataba ya miaka mitatu. Zaidi ya 2,000 walikufa, wengi walirudi kwao, na takriban 6,700 walibaki. Mkataba ulimtambua mtu mmoja, ujira wake, posho yake na nauli yake ya kurudi. Familia za Kihindi zilizokuja kuipa Mwanza maduka na viwanda vya kuchambulia pamba zilijengwa baadaye, na kwa njia nyingine kabisa: wafanyabiashara waliojilipia nauli, kisha wakatuma barua nyumbani.

Kwa Waafrika dola ilibuni kipande. Chini ya Wajerumani, huko Usambara, mwaka 1907 kila mwanaume alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza waliendeleza neno hilohilo katika mashamba ya mkonge, ambapo kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1920, kipande kilikuwa cheti ambacho kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, chenye alama za vidole, jina la mwajiri na kiwango cha mshahara. Mara nyingi kilivaliwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wasomi wameandika mengi kuhusu udhalilishaji huo. Kinachosahauliwa ni kwamba kipande kilikuwa cha wanaume tu. Mwanamke hakuwa na kipande, na katika kipande cha mumewe hakukuwa na mstari wake. Msukuma aliyekwenda Tanga kuwa manamba alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, mtu asiye na nyumba.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mshahara ulikadiriwa kwa mahitaji ya mseja, kwa dhana kwamba mke na watoto watalishwa na shamba lililoko kijijini. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya Kenya iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa F. W. Carpenter, ilikiri jambo hilo na kupendekeza kwamba kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hadi kiweze kulisha familia. Kukiri huko kunageuza maana ya mtegemezi juu chini. Kwa miongo kadhaa mkulima mwanamke, aliyebaki nyumbani na jembe, ndiye aliyebeba sehemu ya gharama ya nguvukazi ambayo mwajiri hakuilipa. Shamba la mkonge liliegemea shamba la mhogo.

Wakati manamba walisafiri peke yao, Wasukuma wengine walivuka ghuba kuelekea magharibi kwa utaratibu tofauti kabisa. Kuanzia miaka ya 1940, na hasa chini ya mradi wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, maelfu walihamia Geita kutafuta ardhi na malisho. Walihama kikaya: mume, wake, watoto, ng'ombe, mbegu. Hakuna aliyeitwa mtegemezi, kwa sababu kila aliyevuka alitazamiwa kulima.

Kutoka reli hadi daraja

Sheria za uhamiaji za Afrika Mashariki zilipangwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa mfumo wa vibali vilivyogawanywa kwa madaraja. Tanzania huru iliurithi mfumo huo. Sheria ya Uhamiaji Na. 7 ya 1995 ina madaraja matatu ya kibali cha ukaazi: A kwa mwekezaji na anayejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine, wakiwamo wanafunzi na wamisionari. Wategemezi wanasimama nje ya madaraja hayo. Hati yao huning'inia kwenye kibali cha mtu mwingine: kibali kikiisha au kikifutwa, nayo huanguka. Hati hiyo haimruhusu mwenyewe kufanya kazi. Akitaka kazi, hana budi kuomba kibali chake mwenyewe. Sheria Na. 1 ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni iliongeza sharti la kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Ilipotungwa, kibali hicho kilikuwa cha miezi 24, cha kuhuishwa, kwa jumla isiyozidi miaka mitano.

Methali inajulikana na kila mwanafunzi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika desturi jembe humtoa mgeni katika ugeni. Hati ya mtegemezi humpa mgeni makazi kwa sharti kwamba asishike jembe. Huenda akawa mhasibu au mwalimu wa hisabati, na Sengerema ikawa na upungufu wa walimu wa hisabati, lakini neno lililo juu ya hati yake limekwisha kuamua kwamba yeye ni wa kuegemea. Kwa upande wa serikali sababu zipo, nazo si za kudharauliwa: nchi yenye vijana wengi wasio na ajira haiwezi kuacha kila hati ya familia igeuke mlango wa nyuma wa soko la kazi. Hata hivyo, sababu hiyo inahusu ajira. Haielezi kwa nini mtu aliyezuiwa kujitegemea aandikwe kuwa mtegemezi kana kwamba hiyo ni sifa yake ya kuzaliwa.

Wafanyakazi wa Kichina nao wana historia yao katika jambo hili. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Idadi ya Wachina waliokuja kwa zamu inakadiriwa kuwa kati ya 30,000 na 50,000. Waliishi kambini, walifanya kazi kwa vipindi vya miaka michache, na walikuja bila wake na watoto. Serikali ya China haikuhitaji kuwaombea hati za familia, na serikali ya Tanzania haikulazimika kuamua kama ingezitoa. Huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yapo makaburi takriban 70 ya Wachina waliofia Tanzania katika kazi za miaka hiyo na iliyofuata. Wajane na yatima wao hawakuwahi kuwa na hadhi yoyote katika kumbukumbu za uhamiaji za Tanzania.

Nusu karne baadaye, aliyekuja Busisi alikuja chini ya sheria nyingine. Mhandisi mwenye kibali cha daraja B angeweza, kwa mujibu wa sheria, kumwombea mkewe hati. Lakini kazi ya ujenzi ina kalenda yake. Mkataba hufungwa kwa mradi. Kambi hujengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Watoto wa mhandisi wana mitihani yao China. Na mradi ukiisha, timu huhamishiwa mto mwingine katika nchi nyingine. Haki iliyomo katika sheria hudhoofishwa na umbo la ajira yenyewe, na hapo mseja wa mkataba wa karne iliyopita huzaliwa tena bila kifungu chochote kumtaja.

Barabara inayoanzia Busisi huendelea hadi Geita na Biharamulo, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda, Burundi na Uganda. Njia hiyo inaonyesha sura nyingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inasema katika ibara ya 10 kwamba mfanyakazi ana haki ya kufuatana na mwenzi na mtoto wake, na kwamba hao nao wana haki ya kuajiriwa au kujiajiri. Hapa mwanafamilia amepewa jembe. Ni kweli kwamba ahadi hiyo ilizungushiwa orodha za kazi ambazo kila nchi ilikubali kuzifungua, na orodha ya Tanzania haikuwa ndefu. Isitoshe, mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu walioonekana kuwa wahamiaji wasio na hati katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Wengi walikuwa wameishi Tanzania miaka mingi, wameoa au kuolewa huko. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka uliofuata kwamba familia zilitenganishwa, mmoja akipelekwa ng'ambo ya mpaka na wengine wakibaki.

Jambo moja la ndani ya nchi halipaswi kupitwa. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanaume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Kwa hiyo msichana wa Busisi akiolewa na fundi aliyekuja kujenga daraja, ndoa yake haina nguvu ambayo ndoa ya kaka yake ingekuwa nayo. Dhana iliyofichika ni ileile: mke humfuata mume, na anayefuatwa daima ni mwanaume.

Waliovuka bahari

Dhana hiyo iliwahi kuwakuta watu wa Mwanza wakiwa safarini kwenda Uingereza. Baada ya uhuru sehemu ya Wahindi wa Afrika Mashariki walibaki na pasipoti za Kiingereza. Tarehe 1 Machi 1968 Uingereza iliweka sheria iliyowaondolea haki ya kuingia nchini humo moja kwa moja, na badala yake ikatenga vibali maalumu 1,500 kwa mwaka. Kibali kilitolewa kwa mkuu wa kaya. Mke na watoto waliingia kupitia kwake. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya hata kama pasipoti ya Kiingereza ilikuwa yake na mumewe hakuwa nayo. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba katika mashauri matatu, yaliyohusu wanaume waliozuiwa kuungana na wake zao waliokwishaingia Uingereza, kulikuwa na ubaguzi wa jinsia katika haki ya familia. Mpango wa vibali hivyo ulifutwa mwaka 2002 bila kubadilishwa msingi wake.

Katika Ghuba ya Uarabuni mlango umefungwa kwa namna nyingine. Maelfu ya wanawake wa Kitanzania wamefanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu chini ya utaratibu wa kafala, ambao huifunga ruhusa ya mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Kafili, ambaye katika Kiswahili cha kidini ni mwenye kumdhamini na kumlinda mwingine, amekuwa mwenye ufunguo. Viza ya kuungana na familia hutegemea kima cha mshahara au daraja la kazi, na mtumishi wa ndani hafikii hapo. Hali ya wanawake hao ilielezwa kwa kina katika ripoti ya Human Rights Watch ya 2017. Mtazamo wa kiisimu unaongeza jambo moja: mwanamke huyu, ambaye mshahara wake unamlisha mama, watoto na pengine mume, ndiye tegemeo kwa kila maana ya neno. Lakini hakuna fomu inayomruhusu awe na mtegemezi.

Uingereza ya leo imerudi kwenye hesabu za mwaka 1954 kwa njia ya kinyume. Kamati ya Carpenter ilisema mshahara upandishwe ili familia iweze kuishi pamoja. Sheria ya Uingereza inasema familia isiishi pamoja mpaka mshahara upande. Raia au mkazi wa kudumu anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje alitakiwa kuanzia Julai 2012 awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kima hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000. Kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa, ambao Uingereza ilianza kuwaajiri kwa wingi kutoka nje mwaka 2022, hatua ilikuwa kali zaidi. Serikali ilitangaza kwamba katika mwaka ulioishia Septemba 2023 wahudumu takriban 100,000 walifuatana na wategemezi takriban 120,000, na takwimu hiyo ikawa hoja. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya hakuruhusiwa tena kuja na mwenzi wala mtoto. Mwanamke aliyeajiriwa kumlea mzazi wa mwingine alitakiwa awaache anaowalea mwenyewe. Tarehe 22 Julai 2025, mwezi mmoja na siku tatu baada ya daraja la Busisi kufunguliwa, uajiri wa wahudumu wapya kutoka nje ulifungwa kabisa.

Kazi iliyo mbele ya mfasiri

Yote haya yangebaki kuwa historia tu kama Kiswahili kisingekuwa katikati ya kazi nzito. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapaswa kuwa na matini ya Kiswahili, na istilahi itakayowekwa humo ndiyo hakimu atakayoifasili, karani atakayoiandika, na mtoto atakayoisoma kwenye karatasi ya mama yake.

Mfasiri anayefika kwenye kifungu cha wategemezi ana maneno kadhaa mbele yake. Mtegemezi limezoeleka na ofisi zinalitumia. Lina faida ya kuwa sahihi kwa sheria ilivyo, kwa sababu sheria hiyo kweli humfanya mtu awe tegemezi. Ahali ni neno zuri la kale, lakini kwa wengi linaelekea maana ya mke, nalo lingerudisha dhana kwamba anayefuata ni mwanamke. Mwenzi halibagui jinsia, na kwa sababu hiyo hiyo lingeweza kuficha ubaguzi ambao Sheria ya Uraia bado inao. Pale Kiingereza kinaposema mke, mfasiri mwaminifu hana ruhusa ya kuandika mwenzi. Limebaki mwanafamilia, ambalo liko karibu na lugha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu haki za wafanyakazi wahamiaji, mkataba ambao katika jina lake lenyewe huwataja wanafamilia wao. Uganda iliukubali mkataba huo mwaka 1995.

Lakini mwanafamilia halisemi kwamba mtu huyo hana riziki yake. Akiandikwa hivyo katika kifungu cha kwanza, msomaji wa kifungu cha pili atauliza kwa nini basi asifanye kazi, na swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kubadilisha istilahi. Litakuwa limetoka mezani pa mfasiri na kwenda Dodoma, kwa wanaotunga sheria.